Zile za Presha

Nilishuka Pongwe. Sikuwa na shughuli Pongwe, sina ndugu Pongwe, na nauli nilikuwa nimeshalipa mpaka Muheza. Lakini niligonga bodi la daladala kama mtu anayebisha mlango wa mdeni wake, nikasema "shusha, shusha hapa hapa," nikateremka na kusimama kando ya barabara. Gari likaondoka. Vidole vinanichonyota, midomo imekufa ganzi, kifua kimebana kana kwamba kuna mtu amekikalia, na moyo unapiga mpaka nauona unarusha mfuko wa shati. Mfukoni mlikuwa na kalamu ya bluu. Kalamu ilikuwa inacheza. Katika yote ya asubuhi ile, hiyo kalamu ndiyo ninayoikumbuka zaidi, nami nikiikodolea macho nikijisemea, haya, kumbe watu wanakufa hivi, Pongwe, saa moja na nusu asubuhi, na kalamu mfukoni.

Nikakaa chini. Baada ya dakika kama kumi mambo yakaanza kutulia yenyewe. Mama mmoja muuza vitumbua akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akauliza, "Umekunywa chai lakini, baba?" Nilikuwa nimekunywa. Nikamwambia sijanywa, maana lilikuwa jibu jepesi kuliko mengine yote. Nikala vitumbua viwili nisivyovitaka, nikapanda bodaboda kurudi mjini. Bodaboda haikunisumbua hata kidogo. Bodaboda unashuka muda wowote unaotaka.

Huo ulikuwa mwaka 2018, msimu wa machungwa. Mimi ni mhasibu, nawashikia vitabu wafanyabiashara wa machungwa pale Muheza, na nyumbani ni Tanga mjini, Makorora. Njia ile ya Kange, Pongwe, Mkanyageni mpaka Muheza nimeipita miaka na miaka, naijua kila mwembe. Baada ya siku ile sikuweza kuipita tena bila kuhesabu mahali ambapo naweza kushukia.

Sasa, ukiumwa kitu kisichoonekana, Tanga au kwingineko, unapewa kwanza vile vinavyojulikana. Nilipimwa malaria, hamna. Nikaambiwa taifodi, nikanywa dawa za taifodi. Mwezi uliofuata nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili, ndimu na maharage, na anayejua mchuzi wa mama yangu ataelewa hicho kilikuwa kifungo cha aina gani. Nilipimwa moyo mara mbili kwa kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani kinachotoa karatasi ya mistari. Karatasi zote mbili safi. Daktari mmoja alinipima presha dakika chache baada ya kuingia nikihema, akakuta iko juu, akaandika "presha". Nani asingekuwa na presha? Nilikuwa nimepanda ngazi mbio nikiamini nakufa. Nilivyorudi kupimwa nimetulia, presha ilikuwa ya kijana.

Lakini neno lile nilibaki nalo. Presha. Ni neno la heshima. Mtu mwenye presha anapewa kiti, anapunguziwa chumvi, anaulizwa hali kwa sauti ya chini. Nikaliweka kama akiba, bila kujua litakuja kunigharimu.

Mama yangu alikuwa na jina lingine. Yeye ni Mdigo, mtu wa dua na mtu wa akili, wala si wa kukimbilia uganga. Alinitazama wiki kadhaa, akasema, "Baba'angu, wewe una wasiwasi." Akatulia kidogo, kisha akamalizia, "Na wasiwasi unajua anayeutia ni nani."

Najua. Kila aliyepita madrasa anajua, hata yule aliyefukuzwa. Neno hili limetufikia kutoka Kiarabu, na katika sura ya mwisho kabisa ya Kurani tunajikinga na *waswasi*, mnong'onezaji, yule anayenong'ona ndani ya vifua vya watu kisha akarudi nyuma. Basi Mswahili akikwambia "nina wasiwasi" anaweza kuwa anasema amechelewa gari, au mtoto hajarudi, au Shetani amemkalia kifuani. Neno ni hilo hilo moja. Ndiyo maana mtu ukimwambia una ugonjwa wa wasiwasi anakujibu kwa mawaidha. Zidisha swala. Soma Ayatul Kursiyu kabla ya kulala. Acha kuwaza sana. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa pumu aache kuhema sana.

Nikapelekwa kwa shehe. Alinisomea, akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku saba. Sitalisema vibaya kombe. Kile chumba cha shehe, ubani, sauti yake inayopanda na kushuka, vilinituliza kuliko vidonge vyote vya vidonda vya tumbo. Siku ya nane nikapanda daladala. Nikashuka Pongwe.

Yule muuza vitumbua alinikumbuka. Akasema, "Leo tena hujanywa chai?"

Kipindi kilichofuata sikipendi, nitakipita haraka. Rafiki alinielekeza kwenye duka moja la dawa, nikauziwa diazepamu bila cheti wala swali. Ni ile iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na ilipata umaarufu kwa sababu inafanya kazi, tena haraka. Nusu saa, na kile kinachokalia kifua kinanyanyuka. Nilipanda daladala mpaka Muheza nikisinzia kama mtoto. Tatizo la dawa ya namna hii ni kwamba mwili unaizoea, unaanza kuidai, na ukiichelewesha unakulipua kwa hofu kubwa kuliko ile uliyoanza nayo. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Nikaanza kukosea hesabu. Siku moja niliandika magunia mia nne mahali pa arobaini, mwenye mali akaniangalia kwa jicho ambalo mhasibu hapendi kuangaliwa nalo.

Ni mke wangu aliyesema twende kwa daktari wa akili. Alisema kwa sauti ya kawaida, akikuna nazi, bila kunyanyua kichwa kwenye mbuzi.

Nilikasirika siku tatu. Kwetu ukitaja daktari wa akili, watu hawafikirii mtu kama mimi mwenye shati la mikono mirefu. Wanafikiria Mirembe, Dodoma, ambako jina la hospitali limegeuzwa tusi nchi nzima, au Lutindi, kule milimani Korogwe, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tulipokuwa wadogo tulitishana kwa Lutindi. "Utapelekwa Lutindi wewe." Sasa naambiwa nijipeleke.

Kliniki ilikuwa siku moja kwa wiki, na mabenchi yake yalikuwa yanatazamana na mabenchi ya macho. Mimi nikakaa upande wa macho. Sioni aibu kusema. Nilikaa na wazee wenye mtoto wa jicho, nikatega sikio jina langu likiitwa ng'ambo. Jirani yetu mmoja akapita, akanisalimu, akauliza, "Kumbe na wewe macho?" Nikasema ndiyo, macho, yananisumbua sana. Mpaka leo akiniona ananiuliza macho yanaendeleaje.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia "shikamoo" kabla ya kuniuliza chochote, kisha akauliza swali ambalo katika miaka ile yote hakuna aliyeniuliza: "Kaka, ukiwa ndani ya gari, unaogopa nini hasa? Ajali?"

Nikafikiri. Nikasema si ajali. Naogopa kwamba ile hali itakuja na nitashindwa kushuka.

"Kwa hiyo unaogopa kuogopa."

Nilitaka kulia pale pale. Akanieleza kwamba ile hali ina jina, ni shambulio la hofu, linapanda mpaka kileleni ndani ya dakika chache kisha linashuka lenyewe hata usipofanya lolote, na kwamba haliuwi. Akasema tutaipunguza diazepamu polepole, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kupata hata degedege. Na akaandika dawa nyingine: setralini. Nikaomba nione karatasi yake. Nikauliza ni ya nini. Akasema, bila kunificha, kwamba iko katika kundi la dawa za sonona.

"Lakini daktari," nikasema, "mimi sisononi."

Nilimaanisha. Kusonona kwetu ni kuumia ndani kwa ndani, ni yule mama aliyefiwa anayekaa ukumbini akitazama mlango. Mimi nilikuwa nacheka, nakula, natania watu barazani jioni kwenye kahawa. Mimi nilikuwa naogopa daladala. Kunipa dawa ya sonona niliona sawa na kumpa mtu mwenye jino bovu dawa ya minyoo.

Alicheka kidogo, akanisimulia kisa ambacho baadaye nilikwenda kukisoma mwenyewe, na nimekisimulia kwa watu wengi tangu hapo. Karibu na mwaka 1960, huko New York, daktari aitwaye Donald Klein alikuwa na wagonjwa waliolazwa ambao kila siku, mara tatu, mara nne, walikuwa wanakimbilia meza ya wauguzi wakipiga kelele kwamba wanakufa. Aliwajaribishia imipramini, dawa ya sonona iliyogunduliwa Uswisi miaka michache nyuma, si kwa sababu alijua itawafaa, bali kwa sababu nyingine zilikuwa zimeshindwa. Wiki tatu zikapita. Akiwauliza wagonjwa, wanasema dawa haina lolote. Madaktari nao hawaoni kitu. Waliogundua ni wauguzi: mgonjwa hakimbilii tena mezani. Ana hofu zake bado, analalamika bado, lakini zile mbio zimekwisha, na mwenyewe hajagundua.

Kwa hiyo jina la "dawa za sonona" ni la walioziona kwanza na kazi waliyozikuta zinafanya. Zilikuja kukutwa zinafanya na nyingine. Ndivyo ilivyo hata kwa watu: kuna mzee mtaani kwetu anaitwa Dereva na hajashika usukani tangu enzi za Nyerere.

Setralini yenyewe ni ya ukoo wa baadaye. Ndugu yake maarufu, fluoksetini, alipata kibali Marekani mwishoni mwa mwaka 1987 kwa jina la Prozac, na setralini ikafuata mwaka 1991. Ubongo una kemikali iitwayo serotonini ambayo seli moja inaitoa kupeleka ujumbe kwa nyingine, kisha inaivuta tena ndani. Dawa inazuia ule uvutaji. Hilo linatokea ndani ya saa chache tu tangu umeze. Ila nafuu inakuja baada ya wiki, mbili, nne, wakati mwingine sita, maana ubongo nao una taratibu zake za kujipanga upya. Daktari wangu hakuniambia nina upungufu wa kitu fulani kichwani kama gari lisilo na oili. Alisema hadithi hiyo watu wanaipenda kwa wepesi wake, lakini haijathibitika.

Vidonge vilikuwa vya miligramu 50, na yeye alitaka nianze na nusu. Watu wa hofu, alisema, ukiwaanzishia kizima wanashtuka na kuitupa. Basi kila usiku niliweka kidonge kwenye kisahani cha kikombe, kile cha maua, nikakilaza kile kistari chake cha katikati kitazame juu, nikaweka wembe mpya juu ya kistari na kubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyeza vizuri kinakatika kwa mlio mdogo kama wa njugu. Ukibonyeza vibaya nusu inaruka, na mnatafuta chini ya kitanda na tochi ya simu, mtu na mkewe, saa nne usiku. Unga uliobaki kwenye kisahani niliulamba. Ni mchungu, mchungu wa kuganda ulimini.

Siku hiyo ya kwanza daktari alimwita mke wangu ndani pia. Alimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba wiki mbili za mwanzo naweza kuwa na hofu zaidi kuliko kawaida, asiseme dawa imenidhuru akanishauri niache. La pili alilisema polepole: akinisikia naongelea kufa, au ananiona nimebadilika kwa namna isiyo yangu, anilete hapo hapo bila kungoja tarehe ya kliniki. Akasema hatari hiyo inaangaliwa zaidi kwa vijana walio chini ya miaka 25, lakini yeye humwambia kila mtu.

Wiki mbili zile zilikuwa kama alivyosema, na zaidi. Kichefuchefu kila asubuhi, mke wangu akinitania kwamba nimebeba mimba. Tumbo kuendesha. Miayo, miayo mikubwa isiyo na usingizi, katikati ya mazungumzo na mtu anayekudai. Usiku nilikuwa nasaga meno. Na ile hofu ilipanda kweli, siku ya tano nilikaa ukutani uani tangu alfajiri mpaka jua limetoka, mkono juu ya shingo nikipima mapigo. Hiyo ilikuwa tabia yangu, kupima mapigo. Mezani, msikitini, hata nikizungumza na watu, vidole viwili viko shingoni.

Sikuona dawa inafanya kazi. Nasema ukweli. Nilipandishiwa kikawa kizima, baadaye viwili, nami kila kliniki nikisema "bado". Kisha jioni moja tunakula, mke wangu akanyanyua uso.

"Baba watoto, tangu Ijumaa hujajishika shingo."

Nikainua mkono kujishika, tukacheka. Ilikuwa Jumatano.

Ndipo nilipokielewa kile kisa cha wauguzi. Nilikuwa nikingoja kitu kije: utulivu, furaha, mwanga fulani hivi. Hakikuja kitu. Kuna kitu kiliondoka, na kitu kikiondoka hakiagi. Daladala bado silipendi. Nikipita Mkanyageni moyo bado unashtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa jina. Lakini kati ya kule kushtuka na kupiga bodi sasa kuna nafasi, nafasi ndogo tu, na ndani yake ninaweza kujiuliza: utashuka au utakaa? Zamani hakukuwa na swali. Na katika ile nafasi ndimo nilimofanya mazoezi aliyonipa daktari, kupanda gari vituo viwili, kesho vitatu, kukaa dirishani, kuacha hofu ipande mpaka ichoke. Mazoezi hayo hayo nilikuwa nimeyajaribu kabla ya dawa, nikayashindwa.

Nisiipambe lakini. Dawa hii ina kodi yake, na kodi niliyolipa mimi ni ile wanaume hawaisemi. Mambo ya chumbani yalichelewa. Si kwamba mtu hawezi. Anaweza, ila safari ni ndefu kama ya Lushoto kwa lori, na wakati mwingine mnafika Mombo mnaamua kulala. Mke wangu alinyamaza mwezi mzima, halafu akaniuliza kwa upole uliotisha kama nimepata mke mdogo huko Muheza. Ilibidi nimwonyeshe karatasi. Tulirudi wote kwa daktari, akasema ni madhara yanayojulikana na wengi wanayapata, akapunguza kipimo kidogo, ikasaidia kiasi. Kiasi. Nimelinganisha ile na kushuka Pongwe, nikachagua. Mwingine angechagua vingine, nisingemlaumu.

Kuna na ile wiki dirisha la dawa waliposema zimekwisha, njoo Jumatatu. Madukani bei ya kidonge kimoja ilizidi nauli yangu, na ulikuwa mwisho wa mwezi. Nikasema siku nne si kitu. Setralini mwilini nusu yake inaondoka kwa siku moja na ushei, basi siku ya tatu nikawa karibu mtupu. Nikigeuza macho ghafla, kichwani kinapita kitu kama shoti, kama ulivyokuwa ukilamba betri ya redio utotoni kujaribu kama ina moto. Kizunguzungu. Machozi ya tangazo la sabuni. Jumapili nikaazima hela nikanunua. Tangu hapo naweka akiba ya wiki mbili, na siku nikitaka kuacha nitaacha kwa ngazi, si kwa kuruka dirishani.

Ile akiba niliiweka kabatini jikoni, nyuma ya kopo la sukari. Na hapa ndipo neno langu la heshima liliponirudia.

Kwa maana nyumbani nilikuwa nimesema ni za presha. Mke wangu alijua, wengine wote hawakujua. Mama, shangazi, wanangu, jirani wa macho: zile za baba ni za presha. Mama mwenyewe ana presha ya kweli, ya miaka mingi, na dawa zake hazikosi. Wikiendi moja mimi na mke wangu tulikuwa harusini Pangani, na vidonge vya mama vikaisha. Hakutaka kumsumbua mtu. Akafungua kabati, akachukua zile za mwanawe za presha. Kimoja Jumamosi usiku, kimoja Jumapili asubuhi, na kingine usiku wake, maana aliona cha kwanza "hakijashika".

Tulimkuta Jumatatu amelala ukumbini, mikono inatetemeka, ametapika, hajalala usiku kucha. Shangazi yuko naye, anampepea. Tukampeleka hospitali. Presha yake ilikuwa juu vibaya, na si ajabu, alikuwa hajanywa dawa yake siku mbili. Muuguzi akauliza, "Mama amekunywa nini?"

"Dawa ya presha ya mwanangu."

"Ileteni tuione."

Boksi lilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu. Alinitazama mimi kabla ya kulitoa. Muuguzi akalisoma, akaligeuza, akasoma na nyuma. Shangazi yangu ana mdomo ambao ukiambiwa jambo Makorora asubuhi, adhuhuri limefika Duga. Alikuwa amesimama kichwani kwa mgonjwa.

"Hii si ya presha, kaka," akasema yule muuguzi.

Nikasema, mbele ya wote: si ya presha. Ni ya wasiwasi. Naitumia mwaka wa pili sasa.

Mama alitulizwa, akarudishiwa dawa yake, akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi, akatoka. Alhamdulillahi. Ningeweza kumuua mama yangu kwa kuona haya. Sioni namna laini ya kuiandika sentensi hiyo.

Kesho yake jioni nilimkalia kando ya kitanda nikitegemea mawaidha. Hakutoa. Aliuliza ile hali inakuwaje, nikamweleza: gari likijaa, mlango ukifungwa, kifua. Alisikiliza akiwa ameshika upindo wa kanga. Kisha akasema:

"Baba yako alikuwa nayo hiyo."

Baba alifanya kazi shamba la mkonge nje ya Pongwe. Alikwenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, jua na mvua, mpaka alipostaafu. Tanga ni mji wa baiskeli, hakuna aliyeshangaa. Watu walimsifu, mzee ana mapafu. Gari la shamba lilikuwepo, lilikuwa linapita mtaani kwetu kuwachukua wafanyakazi bure. Hakulipanda. Dar es Salaam hakuwahi kufika maisha yake yote, alisema kuna kelele. Harusi ya dada yangu Korogwe aliumwa tumbo asubuhi ya safari. Mama akasema mara moja tu, kabla sijazaliwa, walipanda basi pamoja kwenda Muheza, na alishuka njiani akatembea. Alimwambia amesahau kitu.

"Alishukia wapi?" nikauliza.

"Mimi nitakumbuka wapi. Kulikuwa na miembe."

Shangazi alitangaza, kama ilivyotarajiwa. Nilikaa ndani wiki nzima nikingoja aibu. Zilikuja simu tatu za watu wanaotaka jina la daktari, mmoja wao ni mtu ninayemheshimu mno, aliongea kwa kunong'ona akiwa chooni. Shehe naye alinisimamisha baada ya Ijumaa. Akanikumbusha hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake, akaongeza la kwake: "Dua na kidonge si wake wenza."

Ramadhani hii nainywa daku, daktari alisema ni sawa maadamu ni mara moja kwa siku na saa haibadilikibadiliki. Boksi limetoka nyuma ya kopo la sukari, linakaa chumbani kwangu, na zile za mama zinakaa kwake, zimeandikwa jina kwa kalamu ya bluu. Saa kumi alfajiri anaamka kabla yetu sote, anapasha chai, anagonga mlango wetu kwa kijiko.

"Amkeni. Na wewe, ile ya baba yako umeshakunywa?"